Kisanduku cha Kumi na Nne

Fomu inauliza: saa ngapi?
Marlys Kangas anahesabu kwa kalamu ya risasi,
birika la kahawa limeshapoa kando yake,
na theluji ya Machi, ile chafu, isiyopendwa na mtu,
inazidi kuushukia mji wa Calumet
kana kwamba haijaambiwa msimu umekwisha.

Saa hamsini za kukaa na msimamizi,
kusema ulichokiona, kisha kusema
ulichohisi ulipokiona:
anazo. Verna ametia sahihi kila ukurasa
kwa herufi zilizoinama kama watu wapandao mlima.
Nakala za shahada, anazo.
Barua tatu za wanaomjua, anazo;
mojawapo imemsifu mpaka akaona haya.
Ada ya mtihani ameilipa
kwa fedha ya matairi.

Kisanduku cha kumi na nne:
*Eleza, kwa maneno yasiyozidi mia mbili,
tukio linaloonyesha umahiri wako
katika uhusiano wa mzazi na mtoto mchanga.*

Maneno mia mbili.
Mtoto mwenyewe hakuwa na hata moja.

Alikuwa na miezi mitano, akiitwa Oren,
na alikuwa amekwisha kujifunza kutolia.
Watu walisema: mpole huyo, hana usumbufu.
Marlys alimkuta akiitazama taa ya dari
kama mtu aliyechoka kungoja kuitwa,
na baridi ikampita mgongoni
isiyotoka mlangoni.

Mama yake, Tawny, miaka kumi na tisa,
alikaa pembe ya pili ya sofa,
mikono katikati ya magoti kama vitu vya kuazima.
"Hanipendi," alisema. "Hata hanitazami."

Umahiri ni upi hapo?
Mwongozo una kurasa themanini.
Marlys hakutoa nasaha. Hakusema, mtazame basi.
Alikaa sakafuni, zulia linanuka mbwa,
akakikaribisha kimya,
kimya kikaketi, kikanyoosha miguu.
Jumatano ile, na Jumatano iliyofuata,
na ile ambayo mlango haukufunguliwa,
akabaki garini dakika arobaini, injini inanguruma,
kisha akachomeka kikaratasi: *Nilikuja. Nitakuja tena.*

(Dakika hizo hazina kisanduku.
Aliuliza ofisini kama zinahesabika.
Hazihesabiki.)

Jumatano ya tisa Tawny akapiga chafya.
Basi. Chafya kubwa ya mafua,
na Oren akageuza shingo,
akamtazama mama yake usoni
kama mtu aliyesikia jina lake sokoni.
Tawny akasita. Akapiga ya pili, ya uongo.
Mtoto akafungua kinywa, fizi tupu,
akatoa sauti isiyo neno
wala kilio.

"Umeona?" Tawny aliuliza. "Umeiona hiyo?"
Nimeiona.

Na Alhamisi, Verna akamwuliza Marlys swali moja:
*Wewe je, ulipokuwa mdogo, nani aligeuza shingo?*
Mwanamke wa miaka arobaini na sita, shahada mbili,
akalia mpaka leso za karatasi zikaisha.
Saa hiyo imo katika hesabu, ya thelathini na moja.
Imeandikwa: Usimamizi, dakika sitini.

Mama mkwe wake husema,
"Tangu lini kubeba mtoto kukataka muhuri?"
Marlys hubishana naye kichwani tu, akiosha vyombo.
Kabla yake, nyumba ile ile,
alipita mtu mwenye moyo mweupe kabisa,
asiye na Verna, asiye na Alhamisi,
akaandika *mtoto mpole*, akafunga faili.

Usiku wa manane anahesabu: mia mbili na kumi na mbili.
Anafuta "kwa utaalamu". Anafuta "hatimaye".
Anafuta sentensi nzima inayomhusu yeye.

Chafya anaiacha.